Aliyewatangulia Watu wa Korti

Akisimama mlangoni kwako, maana yake watu wa korti bado hawajafika. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Mdai akishinda kesi, na korti ikiamua vitu vya mdaiwa vichukuliwe vikauzwe, wachukuzi hawaruhusiwi kuja hivihivi kama mvua ya ghafla. Lazima kwanza notisi ifike nyumbani, mwenye nyumba apewe siku za kutafuta njia ya kulipa, ndipo waje. Na kwa kuwa wengi wetu tulioishia hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda, Kiingereza cha korti kinatupita kando, na Chichewa chetu ni cha kununulia nyanya, mabwana wa korti walitafuta mtu wa kutusomea notisi kwa Kiswahili. Wakampata yeye. Sisi tulimwita Mama Mkalimani.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ndefu iliyoinama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini. Alivaa kitenge cha kahawia na raba nyeusi zilizokwisha soli, kwa hiyo hukusikia hatua zake. Mbwa wa jirani yetu, ambaye hakuacha kabaza, baiskeli ya abiria, ipite bila kuibwekea, alikuwa akimwona yeye analala chini, anaficha pua katikati ya miguu. Nilijaribu kujiambia kwamba mbwa amemzoea. Lakini nilimwona mbwa mwingine huko Lilongwe, mtaa wa Mtandire, mbwa asiyemjua kabisa, akifanya vilevile.

Kilichotuogopesha zaidi ni sauti. Haikuwa sauti ya mwili ule. Ilikuwa nzito, tulivu, kama redio inayosikika kutoka chumba cha pili. Hakuipandisha hata siku moja, lakini akisoma mlangoni kwa mtu, nyumba za mbali zilisikia kila neno. Watoto waliacha mchezo wao. Wanawake waliacha kutwanga majani ya sombe, mchi ukabaki juu.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa ajili ya yeyote. Hakuvuka kizingiti. Ukimpa kiti, alitikisa kichwa. Ukimpa maji, alisema, "Mi siingii, mama. Mi natangulia tu." Alikuita kwa majina yako yote, akasoma polepole, akataja kila kitu kitakachochukuliwa, akataja siku ambayo kabla yake hakuna mtu mwenye ruhusa ya kugusa hata kijiko. Kisha alikunja karatasi, akakutazama, akauliza, "Umesikia?"

Usipojibu hakuondoka.

Bwana wa korti aliyekuwa akifuatana naye, Mmalawi mpole mwenye mwavuli, alimwambia mara nyingi kwamba hayo si ya lazima. Karatasi inaweza kubandikwa mlangoni, inaweza kuachiwa mtu mzima yeyote wa nyumba, kazi imekwisha. Yeye hakukubali. "Karatasi haina masikio," alisema. "Siku haziwezi kuanza kutembea kama mtu hajaitika." Bwana alicheka, akasema zikomo, yaani asante, akaenda kungoja barabarani. Nadhani hata yeye alikuwa akimwogopa kidogo.

Kambini watu hawakukubaliana juu yake. Wengine walimwita fisi, anayekuja kunusa kabla ya wenzake. Mama mmoja mshonaji wa mikeka alimmwagia maji ya kufulia miguuni. Mama Mkalimani alisoma mpaka mwisho, raba zimejaa povu, akauliza swali lake, akajibiwa kwa tusi, akasema tusi si jibu, akauliza tena. Kesho yake asubuhi alirudi kwa mama yuleyule, bila karatasi, amebeba viazi vitamu kichwani. Akavuka kizingiti, akaketi chini, akamwambia, "Leo nimekuja kama mtu. Siku ziko. Tuzitumie." Akampeleka Lilongwe kwa minibasi, wakazunguka ofisi moja hadi nyingine kuomba muda, na yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ileile, mpaka mdai akakubali kulipwa polepole.

Kwa hiyo ungedhani alikuwa upande wetu. Lakini zikiisha siku bila jambo kutengenezwa, yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha wachukuzi nyumba. Kulikuwa na mzee wa Uvira aliyeficha televisheni yake chini ya majani ya mahindi kwa shemeji yake. Wachukuzi walipoiulizia, Mama Mkalimani alinyoosha kidole kwenye majani. Mzee akamlaani kwa Kifuliiru, kwa baba na kwa mama. Yeye akamjibu, "Ulipewa siku, mzee wangu. Kuna bantu hawakupewa." Hakueleza ni watu gani hao.

Alipenda kusema kwamba anayepiga hodi bado hajawa adui. Na kwamba afadhali ubaya wenye siku kuliko wema wa ghafla. Kanisani, pasta akihubiri kwamba Bwana atakuja kama mwizi, yeye aliinuka akatoka nje, akasimama juani mpaka mahubiri yaishe.

Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, matofali ya udongo yaleyale. Mimi ni wa Bukavu, mshonaji. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa na kibanda cha vitambaa kule Lilongwe, Old Town, karibu na maduka ya Wahindi, na mimi nilishona kambini. Tulisalimiana na Mama Mkalimani kila asubuhi, tukapeana moto, tukapeana chumvi. Lakini hakuna aliyeingia kwa mwenzake. Yeye hakukaribisha, nami nilifurahi kutokaribishwa.

Siku moja ya mwezi wa sita, baridi ya wilaya yetu ya Dowa imeshika mifupa, nilikuwa nakwenda Lilongwe kununua uzi. Yeye naye alikuwa na kazi huko, mtaa wa Chinsapo. Akaniambia, "Nisindikize, dada. Tukimaliza tutapita sokoni pamoja." Sikujua namna ya kukataa.

Bwana wa korti alitungoja kwenye kona na mwavuli wake. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia moyoni. Nyumba tuliyoitafuta ilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa kichochoro, mlango wa mbao umefungwa. Aliyeishi humo alikuwa mzee wa Kirundi, mtengenezaji wa redio. Mama Mkalimani alisimama mbele ya mlango, akaita majina yake, akasoma. Alitaja meza, alitaja baiskeli, alitaja redio zilizo mali yake. Akakunja karatasi.

"Umesikia?"

Manyunyu kwenye mabati tu.

"Mzee, umesikia?"

Bwana wa korti alisema kwa Chichewa kwamba hakuna mtu, tubandike twende. Yeye akainua mkono kumnyamazisha. Akasogeza uso karibu na mbao, karibu sana, kama anayetaka kumbusu mtu, akauliza mara nyingine, chinichini.

Tukasikia sauti ndani. Sauti ya mwanamume, kavu, isiyo na haraka.

"Nimesikia."

Mama Mkalimani akaitikia kwa kichwa, akageuka. Bwana akaandika kwenye karatasi yake kwamba notisi imefika. Mimi nilishukuru tu kwamba sasa tutaondoka kwenye baridi ile. Hatujafika kwenye kona, mama mwenye nyumba akatoka bombani na ndoo kichwani, akatuuliza tunamtaka nani. Bwana alipomtaja mzee wa redio, yule mama akashusha ndoo.

"Alifariki," alisema. "Tumemzika juzi. Ufunguo huu hapa."

Akaufungua kwenye pindo la chitenje chake. Alitutazama mmoja mmoja, akaona nyuso zetu, akarudi kufungua mlango ili tuamini. Chumba hakikuwa na mtu. Meza, redio zilizofunuliwa matumbo, baiskeli imeegemezwa ukutani. Dirisha hakuna. Mlango wa pili hakuna. Harufu ya risasi ya kulehemu nyaya bado ilikuwa humo, kama mtu amezima moto wake sasa hivi.

Bwana wa korti alisema zikomo mara nyingi mno, akaondoka akisahau kufungua mwavuli. Mama Mkalimani hakuonyesha kushtuka. Alimwambia mama mwenye nyumba, kwa Chichewa chake kibovu, kwamba mtu yeyote asiondoe kitu humo mpaka siku za notisi ziishe. "Siku zake zimeanza leo," alisema.

Sikununua uzi. Kwenye minibasi meno yangu yaligongana njia nzima. Alikaa pembeni yangu, akaniwekea mkono kwenye goti, na mkono wake ulikuwa wa moto kuliko nilivyotarajia.

"Usiogope," alisema. "Kuna bantu banaondoka bila kuambiwa. Banabakia pale, banangojea mtu abaambie. Ukibaambia, banatulia."

"We unajuaje, mama?"

Akatazama dirishani mpaka tulipopita mashamba ya tumbaku. Kisha akanisimulia, kwa sauti ileile ya kusomea notisi. Alikuwa na mume na watoto wawili, kwenye kilima kimoja Kongo, upande wa Fizi. Siku moja alikwenda kutoa mihogo mtoni ilikokuwa imelowekwa. Aliporudi, jua liko utosini, chungu kilikuwa bado kinachemka mafigani. Viatu vya mumewe vilikuwa mlangoni. Mtoto wa kike alikuwa ameanza kusuka ungo, na unyasi ulikuwa bado umechomekwa nusu. Watu hawakuwepo. Hakukuwa na damu wala kitu kilichovunjwa. Alizunguka kilima kile mpaka sauti ikakatika, na iliporudi ilikuwa hii tuliyoijua sisi. Ile ya kwanza hakuiona tena.

"Hakuna mtu alipiga hodi," alisema. "Kama bangepiga hodi, hata kama bamekuja kuua, ningejua ni nani."

Baada ya siku ile sikumwita fisi tena, hata moyoni. Lakini nilianza kuamka asubuhi nikisikiliza ukuta.

Kisha ikafika zamu yangu. Baba Neema alikuwa amekopa ili ajaze kibanda, biashara ikalala, akanificha deni hilo. Asubuhi ile yeye yuko Lilongwe, mimi niko kwenye cherehani yangu na mlango wazi. Niliona kwanza mbwa wa jirani akilala chini. Nikainua macho, nikaona raba nyeusi kwenye kizingiti.

"Mama, karibu," nilisema, nikicheka. "Leo umekumbuka jirani?"

Hakucheka. Aliniita kwa majina yangu yote matatu, kama ambaye hajawahi kuniomba chumvi. Akafungua karatasi.

Nilisikia mwanzo tu. Cherehani mbili. Kitanda. Pasi ya makaa. Nilisimama, nikamfungia mlango usoni, nikaweka mgongo kwenye mbao. Akaendelea kusoma. Sauti ilipita kwenye mbao ikaingia mgongoni mwangu, nikaisikia ndani ya mbavu. Alipomaliza akauliza swali lake. Nikaziba masikio. Nilijua kanuni yake: nisipoitika, siku hazianzi. Na siku zisipoanza, haziwezi kwisha. Niliwaza hivyo kabisa, mtu mzima na akili zangu.

Hakuondoka. Chini ya mlango niliona kivuli cha miguu yake, hakisogei. Majirani walipita, wakashusha sauti. Jua likapanda, kivuli kikafupika, kikawa mstari mwembamba, na bado kilikuwa pale.

"Mama," nikalia, "mi ni mutoto wako! Unanifanyia hivi mi?"

"Njo maana nimekuja mi," alijibu. "Nimeomba nije mi mwenyewe. Hakuna mwingine angekungojea."

Nikakaa chini. Nikalia mpaka machozi yakaniishia. Kisha nikasema, "Nimesikia." Nilipochungulia, alikuwa amekwisha kuondoka, na vumbi pale aliposimama lilikuwa limekandamizwa kama sakafu.

Kesho yake alikuja bila karatasi. Alivuka kizingiti changu kwa mara ya kwanza, akamkuta Baba Neema ameinamisha kichwa, akamwambia, "We, inuka. Aibu utakuwa nayo kesho. Leo twende." Tulikwenda watatu kwa yule mkopeshaji. Tulikwenda tena, na tena. Mwishowe walikubali: cherehani moja ichukuliwe, nyingine nibakiwe nayo, kibanda kirudishwe kwa mwenyewe, salio lilipwe polepole. Siku zilipokwisha wachukuzi walikuja, hawakuja kabla. Mama Mkalimani ndiye aliyewaonyesha cherehani ya kuchukua. Wao walikuwa wameshika ile mbovu. Yeye akasema hapana, iliyoandikwa ni ile nzuri.

Kwa neno lile nilimchukia. Msimu mzima wa mvua sikumsalimia. Nilimwona akitoka, akirudi, shingo imeinama, nikageuza uso. Kama angenyamaza tu! Baba Neema aliniambia, "Angesema uongo kwa ajili yako, mlangoni kwa mwingine nani angemwamini?" Nilijua ni kweli, na haikunisaidia.

Mvua zilipokwisha, aliniita. Alisimama nyuma ya nyumba yake, akasema, "Dada, leo ingia kwangu."

Nikaingia. Ndani palikuwa safi na patupu. Mkeka, sufuria, jagi la maji. Lakini ndani ya mlango, kwenye ardhi iliyofagiliwa, palikuwa na ndara zimepangwa, jozi tatu, pua zimeelekea ndani kama za wageni waliokwisha kuingia. Moja ya mwanamume. Nyingine ya kijana mkubwa. Nyingine ya msichana wa kuolewa, ina ua jekundu. Zote mpya, hazijavaliwa.

Aliona ninazitazama. "Nilianza na za batoto badogo," alisema. "Nikanunua za kubwa, kila mwaka. Banakua, si banakua?"

 Nikarudi nyuma hatua moja.

"Banakuya saa ya jua la utosi," aliendelea. "Si kila siku. Banapiga hodi. Nikifungua, hakuna mtu. Lakini banapiga hodi, dada. Banapiga vizuri, na heshima."

Kisha akaniambia alichoniitia. Alikuwa amepigiwa simu. Dosye yake, faili la maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ambayo alikwisha kuisahau, ilikuwa imepita. Alikuwa amepewa siku. Watu hapa wanafunga na kuomba miaka wapate simu kama hiyo, na yeye alikuwa ameketi mkekani mikono imelegea, kama mtu aliyefiwa.

"Nitakataa," alisema.

"Mama, ukikataa utakufa hapa."

"Bataniulizia kwa nani? Mi nimepewa siku, nimesikia. Lakini bo, mume na batoto, nani amebaambia? Niondoke kama vile bo baliondoka? Bakute chungu na kiatu?"

Ilikuwa mara ya kwanza sauti ile kutetemeka. Chini yake nikasikia nyingine, nyembamba, karibu ya msichana. Nadhani ndiyo iliyokatikia kilimani. Hasira yangu iliisha palepale, siwezi kusema ilikwenda wapi. Nikamwambia aende. Nikamwambia nitahamishia cherehani yangu mle ndani, nitashona pale kila siku, na wakija nitawaambia.

"Utaogopa," alisema.

"Nitaogopa," nilisema.

Akanishika mikono. Akanifundisha majina yao, akanifanya niyarudie mpaka nikayasema sawasawa, kwa Kibembe, kama mama yao anavyoyasema. Majina hayo siyaandiki.

Siku ya basi alivaa koti la baridi alilopewa, likamfanya aonekane mdogo. Hakulia. Alipanda, akakaa dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, basi likageuka kwenye barabara ya Lilongwe.

Nikahamia. Siku za kwanza nilishona kwa mkono mmoja, moyo uko mlangoni. Hakuna kitu. Nikaanza kuzoea, nikaanza hata kuimba.

Siku hiyo nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya shule. Jua lilikuwa juu ya paa, kambi imetulia, kila mtu ndani na sahani yake ya nsima, ugali wa hapa. Mbwa wa jirani akalala chini. Nikasikia nje, karibu, sauti ya msichana mkubwa, yenye adabu, kama ya mgeni asiye na hakika kama amefika penyewe.

"Hodi."

Niliinuka. Nilifungua mlango mpaka mwisho, nikaona uwanja mweupe wa jua, kamba ya nguo, vumbi, na mtu hakuna. Nilitaka kukimbia. Badala yake nikasogea pembeni, kama unavyompisha mgeni, nikawaita kwa majina, mmoja mmoja, baba kwanza.

Nikawaambia mama yenu hayuko. Hakuwakimbia. Aliwangojea hapa mpaka akapewa siku ya kuondoka, akalia kwa ajili yenu, akaniacha mimi niwaambie. Nikawaambia amekwenda kwa ndege, ng'ambo, mahali pa baridi. Nikawatajia jina la mji. Kisha nikalitaja mara ya pili, polepole, kwa maana ni jina gumu, na ni mbali, na njiani mtu anaweza kupotea.